Erlangen: Mji Uliojengwa na Wakimbizi

Leo tunawaletea historia ya Erlangen, mji wa Ujerumani. Mwenzetu mmoja anayesoma huko aliutembelea siku moja na wanafunzi wenzake, akatutumia picha. Kumbe katikati ya mji ule ni kazi ya wakimbizi! Ndo tukaamua kuisoma habari yao vizuri.

Kutoka Nürnberg kwa treni ni kama dakika 20. Ukishuka stesheni, hatua chache tu unakutana na Hugenottenplatz, yaani Uwanja wa Wahugenoti. Hao walikuwa Waprotestanti wa Ufaransa. Mwaka 1598 mfalme Henri IV aliwapa ruhusa ya kuabudu kwa Hati ya Nantes. Mwaka 1685 Louis XIV akaifuta. Makanisa yao yakabomolewa, wachungaji wakapewa wiki mbili wabadili dini au waondoke. Waumini wa kawaida walikatazwa hata kukimbia. Mwanaume akikamatwa njiani, alipelekwa kupiga makasia kwenye merikebu za mfalme. Bado watu kati ya 150,000 na 200,000 walitoroka, wengi kwa njia za panya. Njia hizo sisi tunazijua.

Mtawala wa eneo la Erlangen, Christian Ernst, akawafungulia mlango. Siyo kwa huruma peke yake. Vita vya Miaka Thelathini, vilivyoisha 1648, vilikuwa vimepunguza sana watu, naye alihitaji mafundi. Wakimbizi wa kwanza walifika Mei 1686. Tarehe 14 Julai mwaka huohuo likawekwa jiwe la msingi la kanisa lao, ambalo mpaka leo limesimama pale uwanjani. Miezi miwili tu!

Kwenye picha barabara zimenyooka kama rula, nyumba zimejipanga mstari. Mji mpya ulichorwa kwanza, kisha wakimbizi wakapewa viwanja, vifaa vya kujengea, msamaha wa kodi kwa miaka kadhaa, na haki ya kusali kwa Kifaransa. Zaidi ya yote, waliruhusiwa kufanya kazi. Walikuja na ufundi wa kofia, glavu na soksi. Mashine ya kufuma soksi ilikuwa kitu kigeni kule, na ndiyo iliyoupa mji jina.

Tusidanganyane, haikuwa rahisi. Wengi walifika mikono mitupu, na wengine wakaendelea mbele kutafuta maisha kwingine. Viongozi wa Kilutheri hawakufurahia ibada ya wageni. Tena wengi waliamini watarudi kwao vita vikiisha. Amani ikaja mwaka 1697, lakini mlango wa Ufaransa ukabaki umefungwa. Basi wakabaki. Wajerumani nao wakahamia, mwaka 1743 kikaja chuo kikuu, na mwanzoni mwa karne ya 19 ibada za Kifaransa zikakoma. Wajukuu walishakuwa wenyeji.

Kwenye bustani ya kasri kuna chemchemi ya mwaka 1706. Juu amesimama mtawala, chini yake wamepangwa Wahugenoti. Sisi tungemweka fundi soksi juu.

Tunachokiona hapa ni kimoja. Wahugenoti hawakuwa na akili kutuzidi, ila walipewa ardhi na ruhusa ya kufanya kazi mapema, kabla mikono haijasahau ufundi. Leo Uganda mkimbizi anaweza kupata kipande cha ardhi na kufanya kazi. Nyarugusu, hata kutoka nje ya kambi kunahitaji kibali. Mkimbizi ni yuleyule, sheria ndo tofauti.

Ndugu mnaopanga miradi, kabla ya kuhesabu vinywa vya mgao, hesabuni na mafundi. Na wewe kijana mwenzetu, hapo kwenye bloku yako kuna fundi gani amekaa tu? Tuandikie.