Mtaji wa Mkahawa: Habari za Kajiado na Kitengela

Katika taarifa ya mwaka huu tumeona vema kuandika habari za jambo linaloletwa mbele yenu mara kwa mara. Kijana ataka kufungua mkahawa Kitengela au Kajiado mjini. Amekwisha kuona chumba kando ya barabara ya Namanga, naye ajua kupika. Lakini hana fedha, na kwa hiyo amwendea baba yake kumwomba auze kipande cha shamba. Kabla mzee hajajibu, yafaa akumbuke tulikotoka.

Nchi hii haikukosa utajiri. Wenyeji walikuwa na ng'ombe, na reli ya kwenda Magadi ilipita Kajiado. Mwaka wa 1950 likaanzishwa Shirika la Nyama la Kenya, ambalo wengi hulijua kwa herufi KMC, na kiwanda chake kikawa Athi River, jirani kabisa na Kitengela. Kilichokosekana ni njia ya kupata mkopo kwa nguvu ya mali hiyo bila kuiuza.

Serikali ya kikoloni nayo iliufunga mlango. Sheria ya mwaka wa 1948 kuhusu mikopo kwa Waafrika iliweka mpaka wa shilingi 200. Mfanyabiashara asiye Mwafrika aliyemkopesha Mwafrika kupita kiasi hicho hakuweza kudai haki yake mahakamani, ila kama mapatano yalikuwa yameandikwa na kuthibitishwa mbele ya afisa wa serikali. Walisema kwamba sheria hiyo ilikuwa kumlinda Mwafrika asizame katika madeni. Lakini ni mwenye duka gani la jumla atakayemtolea mtu unga, sukari na mchele kwa deni asiloweza kulidai? Katikati ya miaka ya 1950 zikaundwa halmashauri za mikopo za wilaya kwa ajili ya wafanyabiashara wa Kiafrika, walakini fedha zake zilikuwa chache na waombaji wengi.

Wakati huo huo, Mpango wa Swynnerton wa mwaka wa 1954 ulifundisha kwamba mwenye hati ya ardhi ndiye atakayekopesheka. Kwetu Kajiado ardhi ilikuwa ya jamii. Sheria ya mwaka wa 1968 ilipoleta mashamba ya vikundi, hati iliandikwa kwa majina ya wawakilishi waliochaguliwa, kwa niaba ya wote. Kwa hiyo mzee mwenye ng'ombe mia moja hakuwa na karatasi yake mwenyewe ya kupeleka benki ili mwanawe aanze biashara.

Shamba la kikundi la Kitengela liligawanywa mwaka wa 1988, na kila mwanachama akawa na sehemu yake. Muda mfupi baadaye, sheria ya mwaka wa 1990 ilileta eneo la viwanda vya kuuza bidhaa nje huko Athi River. Wafanyakazi wengi walihamia Kitengela, nao walihitaji kulala na kula. Hivyo wateja wa mkahawa walifika pamoja na wanunuzi wa ardhi, na bei ya viwanja ikapanda. Wengi waliuza.

Hapa ndipo penye fundisho. Ardhi huuzwa mara moja tu. Mkahawa waweza kufungwa kabla haujatimiza mwaka, nao ukifungwa, shamba halirudi. Hata kuweka hati rehani ni hatari, kwani deni lisipolipwa, mnada hufuata. Ndiyo maana sheria ya ardhi ya mwaka wa 2012 hairuhusu nyumba ya ndoa kuwekwa rehani bila ridhaa ya mke au mume.

Njia nyingine zimefunguliwa. Mfuko wa wanawake ulianzishwa mwaka wa 2007, na ule wa Uwezo mwaka wa 2013, ukiwakopesha bila riba wanawake na vijana waliojiunga katika vikundi. Sheria ya mwaka wa 2017 ilikubali mali inayohamishika, pamoja na mifugo, kuwa dhamana. Jambo ambalo babu zetu wangalilifurahia. Mfuko wa Hustler ulipoanza mwishoni mwa 2022, mtu mmoja aliweza kukopa kuanzia shilingi 500 hadi 50,000, lakini alipaswa kulipa kwa siku 14. Mkopo wa namna hiyo wafaa kununua gunia la viazi. Haufai kununua majiko na meza.

Njia tuionayo kuwa salama zaidi ni ya ushirika. Katika chama cha akiba na mikopo, mwanachama kwa kawaida huweza kukopa hadi mara tatu ya akiba yake, akidhaminiwa na wenzake wanaomjua. Wadhamini hao humwuliza maswali ambayo mnunuzi wa shamba hatamwuliza: kodi ni kiasi gani? Leseni ya kaunti na vyeti vya afya vya wapishi viko wapi? Je, amebakiza fedha za kununulia nyama na makaa katika miezi ya kwanza, kabla wateja hawajazoea mlango wake?

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kijana na aanze na meza moja ya chai na chapati, aandike mapato na matumizi ya kila siku, na aweke akiba kila mwezi. Baada ya mwaka daftari lake litamwombea mkopo kwa ufasaha kuliko maneno yake. Na wazee wetu, atakapowajia kuomba shamba liuzwe, twawasihi mwulizeni kwanza daftari.