Kudandia: Nauli Isiyolipwa ni Hasara ya Nani?

Muhula huu niliwauliza wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza: mtu anayepanda gari la abiria bila kulipa nauli amefanya nini? Wengi walijibu, "Ameiba." Hakuna aliyetaja kudandia. Sikushangaa. Mimi mwenyewe nililijua neno hilo nilipokwenda kusomea shahada ya uzamili Dar es Salaam, na hata huko nililisikia kwanza katika msemo wa kudandia treni kwa mbele, yaani kuingilia mazungumzo usiyoyajua mwanzo wake.

Ikumbukwe kwamba neno nauli lilitoka baharini. Tulilipata kwa Waarabu, na asili yake ni Kigiriki, ambako lilikuwa malipo ya kusafiri kwa chombo. Lilipozoea nchi kavu lilikuta mabasi ya mashirika. Nairobi walikuwa na Kenya Bus Service tangu 1934, Dar es Salaam wakapata UDA mwaka 1974, na sisi Kampala tulikuwa na UTC. Humo mlikuwa na tiketi, na mkaguzi wa kuidai. Aliyening'inia mlangoni akaruka kabla ya kufikiwa alikuwa amelikwepa shirika, na hasara ilikuwa ya shirika. Nadhani ndiyo maana kudandia kuna harufu ya ujanja kuliko ya wizi.

Magari madogo yalibadili mambo. Kenya, mwaka 1973, Rais Jomo Kenyatta aliruhusu matatu kubeba abiria bila leseni maalumu. Dar es Salaam, mwaka 1983, watu binafsi waliruhusiwa kusafirisha abiria mjini. Mpenzi wa maneno atafurahi kuona kwamba majina yote mawili yametokana na nauli: matatu ni mapeni matatu, yaani senti 30, na daladala limetokana na sarafu ya shilingi 5 iliyoitwa dala. Sisi Kampala taksi zetu tuliziita kamunye, ndege mwewe, kwa jinsi zinavyowarukia abiria. (Kuzipa jina la nauli kungetushinda, kwa maana mvua ikinyesha tu nauli hupanda.)

Katika magari haya tiketi ilitoweka. Dereva na kondakta humpelekea mwenye gari kiasi kilichopangwa kwa siku, ambacho Dar es Salaam hukiita hesabu. Kinachobaki baada ya mafuta ndicho chao. Kwa hiyo abiria akiponyoka bila kulipa, mwenye gari hapotezi kitu. Kilichopungua ni chakula cha jioni cha kondakta.

Hapo ndipo nilipowaelewa makondakta wa daladala, ingawa sikuwasamehe. Serikali imeweka nauli ndogo kwa wanafunzi wa shule, lakini hesabu haipungui kwa ajili yao. Asubuhi nilikuwa nikiwaona watoto wenye sare wakizuiwa mlangoni, "Denti, hapana!", kana kwamba ni wadandiaji, ilhali nauli yao halali wameishika mkononi. Walibaki kituoni, na vipindi vya kwanza viliwapita.

Hapa kwetu jambo hili halina hata jina la Kiswahili ambalo wanafunzi wangu wangelitambua, lakini lipo. Jioni moja nilikuwa kwenye taksi ya Luzira inayopita Port Bell Road. Kijana aliyekaa karibu nami alimwambia kondakta kwa Kiganda, taratibu, kwamba alikuwa na shilingi 500 tu. Kondakta alimtazama, akatazama noti zake, akazipokea zile 500 bila kusema neno. Nikatarajia amshushe kwenye siteji iliyofuata. Hakumshusha.

Tulipofika Bugolobi nikasema, "Mu maaso awo!" Gari likasimama, kondakta akanipa balansi yangu na kufunga mlango. Nilipoihesabu kando ya barabara, ilikuwa pungufu ya shilingi 500.