Mboji ya Indore

Utaratibu wa kutengeneza mboji kwa kupanga tabaka za majani, samadi na udongo, kisha kupindua lundo kwa ratiba, ulipata umbo lake kati ya mwaka 1924 na 1931 mjini Indore, katikati ya India. Huko Mwingereza Albert Howard, aliyekuwa akifanya utafiti wa mazao India tangu 1905, aliongoza taasisi ya utafiti wa mimea yenye shamba la takriban eka 300. Zao lililotafitiwa zaidi lilikuwa pamba.

Howard hakuvumbua mboji. Wachina walikuwa wakirudisha taka shambani kwa karne nyingi, na kitabu cha Mmarekani F. H. King kuhusu wakulima wa China, Korea na Japani, kilichotoka 1911, kilimwathiri sana. Alichoongeza yeye ni vipimo: kiasi gani cha kila kitu, maji lini, kupindua lini. Kemia ya kazi hiyo ilifanywa na Yeshwant Wad, Mhindi aliyeandika naye kitabu cha mwaka 1931, ingawa sifa karibu zote zilimwendea Howard.

Taasisi haikununua malighafi yoyote. Magugu, majani makavu na mabaki ya mavuno yalikusanywa mwaka mzima na kuwekwa akiba. Mashina ya pamba yalikuwa magumu mno kuoza, kwa hiyo yalitandazwa barabarani ndani ya shamba ili magurudumu ya mikokoteni yayapondeponde. Baada ya hapo yalipelekwa zizini, yakawa matandiko ya maksai. Hata sakafu ya zizi ilikuwa na kazi: ilikuwa ya udongo mtupu, na udongo huo ulipokwisha kulowa mkojo ulichimbwa, ukasagwa na kutiwa kwenye mboji, kisha mwingine ukajazwa mahali pake. Jivu la kuni nalo halikumwagwa.

Vitu hivyo vilipangwa kwa tabaka katika mashimo mapana yasiyo na kina kirefu, vikanyunyiziwa maji bila kuloweshwa chapachapa. Lundo lilipanda joto hadi kufikia nyuzi 65 hivi za Selsiasi, na ukungu mweupe ukalifunika. Lilipinduliwa mara tatu: baada ya wiki mbili au tatu, baada ya mwezi na baada ya miezi miwili. Kupindua kuliingiza hewa, na pasipo hewa lundo hunuka na kupoteza nitrojeni. Ilipotimia miezi mitatu mboji ilikuwa tayari, nyeusi na ya kufikichika. Kwa maksai 40 tu, taasisi ilipata mikokoteni ipatayo 1,000 ya mboji kwa mwaka.

Howard aliondoka India mwaka 1931, lakini njia yake ilikuwa imeanza kusafiri. Mwaka 1933 ilikuwa ikitumika Kenya, katika mashamba ya kahawa ya walowezi karibu na Kabete, na Tanganyika nayo ikafuata. Huko maganda ya kahawa, nyasi na matawi yaliyopogolewa yalichukua nafasi ya mashina ya pamba. Mwaka 1935 Gandhi alikwenda Indore kujionea mashimo hayo. Baadaye eneo la taasisi likawa chuo cha kilimo.

Walionufaika mapema zaidi, hata hivyo, hawakuwa wanavijiji ambao Howard alidai kuwafikiria. Kuchimba, kubeba maji na kupindua malundo kunataka mikono mingi, na mashamba makubwa yalikuwa na vibarua. Mkulima mdogo wa India alikuwa na tatizo jingine ambalo vipimo vya Indore havikulitatua: hakuwa na kuni za kutosha, hivyo kinyesi cha ng'ombe wake kilikaushwa na kuishia jikoni. Njia yenyewe ilikuwa sahihi. Iliyopungua ilikuwa nishati ya kupikia.