Asili ya Neno "Gitaa" katika Kiswahili

Makala haya mafupi yanakusudia kuchunguza asili ya neno gitaa. Ni desturi yetu, tukutanapo na neno lenye mfano wake katika Kiarabu, kulihesabu mara moja kuwa limetoka huko. Neno hili latuonya tusifanye haraka.

Wayunani walikuwa na kithara, ala ya nyuzi isiyo na shingo, ya jamii moja na nyatiti ya Wajaluo. Jina hilo lilipitia Kiaramu, likaingia Kiarabu kwa umbo la qithara, kisha likavuka hadi Hispania likawa guitarra. Waingereza nao walilipata kwa njia ya Kifaransa na Kihispania. Lakini huko Hispania jina lilikwisha hamia ala nyingine, yenye shingo na sanduku la mbao. Katika karne ya 16 ala hiyo ilikuwa na safu 4 za nyuzi. Nyuzi 6, kila moja peke yake, zilienea mwishoni mwa karne ya 18, na umbo la sasa kwa kiasi kikubwa ni kazi ya fundi Antonio de Torres (1817–1892). Basi jina ni la kale kuliko ala yenyewe.

Je, sisi tulilipokea kwa nani? Q ya Kiarabu kwetu huwa k: qalam ni kalamu, qahwa ni kahawa. Th nayo hubaki, kama katika thamani na hadithi. Tungetazamia basi kithara. Yamkini mtu atajibu kwamba baadhi ya Waarabu wa Hadhramaut hutamka q kama g. Na iwe hivyo. R imekwenda wapi? Katika habari na safari haikupotea. Hoja ya Kireno pia haisimami, maana bandeira ilitupa bendera, r ikiwa mahali pake. Guitarra ingetupa gitara. Kiingereza cha Uingereza ndicho kisichotamka r ya mwisho, nacho ndicho kilichotupa baa na motokaa. Hata mkazo wake wa silabi ya mwisho umehifadhiwa: a iliporefushwa, -ta- ikawa silabi ya pili kutoka mwisho, mahali pa mkazo wetu.

Udi ulifika pwani na jina lake la Kiarabu. Gitaa liliingia kwa mlango mwingine. Mtunga kamusi anayeliandikia asili ya Kiarabu ataeleza nasaba ya neno la Kihispania, na historia ya Kiswahili ataiacha bila kuelezwa.