Kutoka Nyumba ya Shamba hadi Shule: Kiungani, Mbweni na Chimbuko la Kiswahili Sanifu

Historia ya Kiswahili Sanifu aghalabu huanzishwa na mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, ambapo Kiunguja kiliteuliwa kuwa msingi wa lugha ya maandishi, na kuundwa kwa Kamati ya Lugha mwaka 1930. Kuanzia hapo ni kuanzia mwishoni. Takriban miaka sitini kabla ya mkutano huo, katika mashamba mawili kusini mwa mji wa Zanzibar, Kiunguja kilikuwa kimekwisha kufanywa lugha ya darasa, ya mtambo wa kuchapia na ya barua. Suala la msingi ni hili: kazi hiyo ilifanywa na nani?

Katika Zanzibar ya karne ya 19, mtu mwenye uwezo alikuwa na nyumba mbili: ya mjini kwa biashara na ya shamba kwa mapumziko na kusimamia mavuno ya karafuu na nazi. Eneo la mashamba yaliyopakana na mji liliitwa kiunga, na ndiko lilikotoka jina la Kiungani. Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, iliyohamia Zanzibar mwaka 1864 chini ya Askofu Tozer, ilinunua shamba huko Kiungani katika miaka ya 1860, na mwaka 1871 ikanunua lingine Mbweni. Kiungani kulikuwa na Shule ya Mtakatifu Andrea, iliyowaandaa wavulana kuwa walimu na makasisi. Mbweni kulikuwa na Shule ya Mtakatifu Maria ya wasichana, ambayo majengo yake yaliizunguka nyumba ya Kiarabu iliyokuwapo tangu hapo. Hivyo makazi yaliyotegemea jasho la watumwa yakageuka kuwa makazi ya watoto waliookolewa utumwani.

Wanafunzi wa kwanza walikuwa wavulana watano waliotolewa katika jahazi lililokamatwa, ambao Sultani Majid alimkabidhi Tozer mwaka huo huo wa 1864. Waliowafuata walikuwa Wayao, Wamakua, Wanyasa na wengineo wa bara. Jambo hili lina uzito kwa mwanaisimu: karibu hakuna aliyefika hapo akiwa na Kiswahili cha mama yake. Lugha hiyo waliipata shuleni, wakaifanya njia ya kuelewana wao kwa wao, kisha wakaandikia habari zao wenyewe.

Sifa ya kazi ya kitaaluma kwa kawaida hupewa Edward Steere, aliyechapisha sarufi yake ya Kiswahili cha Unguja na mkusanyo wa hadithi mwaka 1870, na A.C. Madan, aliyetoa kamusi ya Kiingereza na Kiswahili mwaka 1894 na ya Kiswahili na Kiingereza mwaka 1903. Sifa hiyo wanaistahili. Hata hivyo, hadithi za Steere zilisimuliwa na wenyeji wa Zanzibar, na wavulana wa shule walifunzwa kupanga herufi na kuchapa vitabu. Kuanzia mwaka 1888 Kiungani lilitolewa gazeti la Kiswahili, Msimulizi, lililobeba habari za vituo vya misheni. Mwaka 1887 Madan alikuwa ametoa kitabu kiitwacho Kiungani, chenye masimulizi ya wavulana kuhusu maisha yao. Masimulizi hayo yalitolewa kwa tafsiri ya Kiingereza. Jalada linamtaja mfasiri kwa jina. Waandishi wanatajwa kwa neno moja tu, wavulana.

Umbali wa shamba na mji haukuwa wa bahati mbaya. Wamisheni walitaka watoto wakae mbali na mvuto wa mji wa Kiislamu. Hapa pana kinaya kinachostahili kuzingatiwa: lugha ilichukuliwa mjini, lakini wanafunzi wake wakatengwa na mji. Wakaandika kwa herufi za Kirumi, ilhali waungwana na masheikhe waliendelea kuandika tenzi na nyaraka zao kwa herufi za Kiarabu. Lawama kwamba Kiswahili Sanifu kilizaliwa kikiwa mbali na ushairi wa pwani ina mzizi wake katika umbali huo. Na nguvu yake ina mzizi huo huo: lugha iliyojifunzwa na watoto wa makabila mengi, bila kuwa mali ya ukoo wa yeyote kati yao, ilikuwa tayari kwa safari.

Nayo ilisafiri. Mwaka 1876 Steere aliwapeleka Masasi watu waliokombolewa, wakaanzisha makazi huko. Cecil Majaliwa, aliyesoma Kiungani, alifanya kazi miongoni mwa Wayao na mwaka 1890 akawa kasisi wa kwanza Mwafrika wa misheni hiyo. Wasichana wa Mbweni, waliolelewa chini ya Caroline Thackeray tangu mwaka 1877, wengi wao waliolewa na walimu na kwenda nao bara. Humo majumbani Kiswahili cha shule kikawa kwa mara ya kwanza lugha ya mama. Martin Kayamba, aliyezaliwa mwaka 1891 na kusoma Kiungani, alikwenda London mwaka 1931 kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza, kisha akaiandika safari hiyo kwa Kiswahili.

Mwaka 1925 kazi ya Kiungani ilihamishiwa Minaki, karibu na Dar es Salaam. Shule ya Mbweni imebaki magofu. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939, iliyojengwa juu ya ile ya Madan, iliibeba kazi ya mashamba hayo hadi katika shule za Afrika Mashariki nzima.

Funzo kwa mtafiti ni bayana. Mjadala wa nani mwenye Kiswahili kwa muda mrefu umewagawa watu kati ya wenyeji wa lugha na wajifunzaji wake. Historia ya Kiungani na Mbweni inaonyesha kwamba wajifunzaji walikuwamo tangu mwanzo, si kama wapokeaji tu bali kama waundaji. Walinyang'anywa lugha zao za kwanza pamoja na wazazi wao. Waliyopewa badala yake waliitengeneza ikawafaa, na hatimaye ikawafaa mamilioni. Haki yao ndogo kabisa ni kutajwa.