Ngozi ya Eastlands: Kutoka Mkebe wa Zebaki hadi Fungu la Managu

Mwaka 1972, jarida la British Medical Journal lilichapisha utafiti wa madaktari waliokuwa wakitibu watu wazima wenye maradhi ya figo jijini Nairobi. Kati ya wagonjwa 60, 32 walikuwa wamejipaka krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Sumu hiyo huzuia ngozi kutengeneza rangi yake ya asili, kisha hupenya kwenye damu na kuharibu figo. Baadhi ya wagonjwa walipata nafuu walipoacha kujipaka.

Enzi hizo weupe ulitangazwa kuwa alama ya maendeleo, na wenye mshahara katika mitaa ya Eastlands, mashariki mwa Nairobi, kama Kaloleni, Bahati na Jericho, walikuwa miongoni mwa waliolengwa. Serikali ilipiga marufuku krimu za zebaki na za haidrokwinoni, kemikali nyingine ya kung'arisha ngozi, mwaka 1998, lakini hadi leo wakaguzi wangali wanazinasa madukani.

Katika enzi hizo za matangazo, chakula halisi cha ngozi kilikuwa kikidharauliwa. Managu, terere, kunde na saga ziliitwa mboga za maskini, nazo sukuma wiki na kabeji zikatawala vibandani. Kuanzia miaka ya 1990, watafiti kama Profesa Mary Abukutsa-Onyango, wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, walionyesha utajiri wa mboga hizo za kienyeji. Leo mama mboga wa Umoja au Kayole huzipanga mbele kabisa.

Mwili hugeuza karotini ya majani hayo kuwa vitamini A, inayosaidia ngozi kujijenga upya. Ikipungua, ngozi hukauka na kukwaruza. Vitamini C huhitajika kutengeneza kolajeni, nyuzi zinazoipa ngozi uimara. Anayeishi kwa ugali mtupu hukosa niasini, aina ya vitamini B, na ngozi inayopigwa na jua huchubuka na kuwa nyeusi. Ili kukabili upungufu wa virutubishi, sheria ya mwaka 2012 ililazimisha unga wa mahindi na ngano wa viwandani uongezwe vitamini na madini.

Kujipaka mafuta ya nazi kuna faida yake, kwani huzuia maji yasitoke ngozini upesi. Lakini yanayojenga ngozi hupitia sufuriani. Kaanga managu kwa mafuta kidogo ili karotini ifyonzwe vizuri, wala usiyachemshe mno, maana vitamini C huharibika kwa moto. Na mkebe usioandikwa viungo vyake, uache dukani.