Uyoga wa dawa na fangasi: tusichanganye mambo

Khalati yangu ana sukari kwa miaka mingi. Mwaka jana alitoka utando mweupe mdomoni, hata uji ukawa unamchoma. Jirani akamuuzia chupa ya vidonge vya uyoga, akamwambia vinapandisha kinga na kumaliza fangasi. Alivimeza miezi miwili. Nilipoletewa habari, utando ulikuwa ushateremka kooni. Ndipo nikakaa kusoma: uyoga huu hufanya nini hasa?

Jambo la kwanza lilinishangaza. Uyoga wenyewe ni fangasi. Ukuta wa seli zake una beta-glukani, sukari ya minyororo mirefu, na sukari ya aina hiyo imo pia kwenye hamira tunayoumulia mahamri na kwenye Kandida, ile iliyomshika khalati. Miili yetu haiitengenezi. Kwa hiyo seli nyeupe za damu zikiigusa, zinajua kuna mgeni. Mwaka 2001, Gordon Brown na Siamon Gordon wa Oxford walionyesha kuwa seli hizo zina kipokezi, Dektini-1, kinachoishika beta-glukani. Kikishaishika, seli humeza kimelea na kuita wenzake.

Wauzaji wanasimama hapo: kula uyoga, askari wako waamke. Kwenye maabara na kwa panya, hilo limeonekana. Mwaka 1969 Goro Chihara na wenzake huko Japani walitoa lentinani kwenye uyoga wa shiitake, ikapunguza uvimbe wa saratani kwa panya. Baadaye Japani iliitumia kwa wagonjwa wa saratani, pamoja na dawa nyingine. Lakini ilikuwa sindano iliyosafishwa, ya hospitali, tena ya saratani. Unga uliotiwa kwenye kahawa ni kitu kingine kabisa.

Na Kandida si mjinga. Huificha beta-glukani yake chini ya tabaka la sukari nyingine, manani, kama mtu aliyejigubika shuka. Isitoshe, sukari ikipanda kwenye damu, seli nyeupe hulegea. Utawaamsha vipi askari ambao wamelegea na adui hawamwoni?

Dawa za hospitali haziombi msaada wa askari pekee. Flukonazoli huharibu utando wa seli ya fangasi. Ekinokandini, ambazo ni za sindano, huizuia kujenga hiyo beta-glukani yenyewe. Na tatizo si dogo: Oktoba 2022 Shirika la Afya Duniani liliorodhesha fangasi 19 wa kutiliwa mkazo, na Kandida albikansi imo kwenye kundi la hatari zaidi.

Uyoga wa mchuzi, kuleni bila wasiwasi. Vidonge ndivyo vya kumwambia daktari, hasa anayetumia wafarini, kwani reishi inaweza kuzidisha kutoka damu, au aliyepandikizwa figo, ambaye kinga yake inatulizwa kwa makusudi.

Khalati alipewa flukonazoli na sukari yake ikarekebishwa. Siku hizi anakula pilipili tena. Chupa bado iko kabatini. Anasema ilikuwa ghali, hawezi kuitupa.